Pangani na Watu Wake: Mji wa Wenyeji na Wapitaji

Historia ya usharika haitenganishwi na historia ya watu wa mahali pake: nani walikuwapo, nani walihamia, nani waliondoka na kwa sababu gani. Mji wa Pangani, uliopo mlangoni mwa mto wa jina hilo katika Mkoa wa Tanga, unatufundisha jambo hilo kwa namna ya pekee.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari yenye watu wa asili nyingi. Waswahili wa pwani, Wazigua, Wabondei na Wasegeju walikaa pamoja na Waarabu wenye asili ya Oman na wafanyabiashara wa Kihindi. Misafara ya pembe za ndovu ilianzia hapa kuelekea Umasai na Kilimanjaro. Kando ya mto kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini utumwa wenyewe haukukoma. Tanganyika iliufuta kisheria mwaka 1922. Hivyo sehemu kubwa ya waliojenga utajiri wa mji huu hawakuacha majina yao katika maandishi yoyote.

Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kushika madaraka, watu wa Pangani walikuwa wa kwanza kusimama kuipinga. Kiongozi mashuhuri wa upinzani huo, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hata hivyo, kilichoudhoofisha mji zaidi kuliko vita ni reli. Ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893, na kadiri njia ilivyosogea kuelekea Moshi, ndivyo mizigo ya bara ilivyoiacha Pangani. Bandari iliyokuwa lango ikabaki pembeni.

Mwaka huo huo wa 1893 ulileta jambo jingine. Katika shamba la Kikogwe, karibu na Pangani, Dakta Richard Hindorf alipanda miche 62 ya mkonge iliyosalimika kati ya ile iliyoagizwa kutoka Florida. Kutokana na mwanzo huo mdogo mkonge ulienea nchini, nao ukahitaji mikono mingi. Wakaja vibarua kutoka bara, na wengine kutoka nje ya mipaka ya Tanganyika. Waliitwa manamba, kwa kuwa mwajiri aliwatambua kwa namba. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wengine walioa, wakazaa, wakazikwa hapa. Pamoja nao walikuja Wakristo katika pwani ambako Uislamu ulikuwa umeota mizizi kwa karne nyingi. Tangu miaka ya 1960 kamba za plastiki zilishusha bei ya mkonge, na vijana wengi wakatafuta riziki mijini.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 54,000 katika Wilaya nzima ya Pangani. Lakini sensa huhesabu watu. Haiwataji kwa majina. Tena, baada ya sensa ya mwaka 1967, serikali haijauliza tena dini wala kabila la mtu, kwa ajili ya kulinda umoja wa taifa. Jambo hilo ni jema, ila lina maana kwetu: atakayetaka kujua ni nani waliosali katika miji ya namna hii, walitoka wapi na watoto wao walikwenda wapi, atategemea vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi.

Vitabu hivyo huliwa na mchwa, hulowa mvua, hupotea ofisi inapohamishwa. Kila ukurasa unaopotea humrudisha mtu aliyekuwa na jina kuwa namba tu, au kutokuwa chochote. Kwa hiyo, ndugu wapendwa na wageni wetu, kuvitunza na kuvinakili si kazi ya karani peke yake. Ni deni letu kwa waliotutangulia, na urithi wetu kwa watakaoadhimisha miaka mia ijayo.