Mauaji ya Vikongwe Usukumani: Historia ya Kutelekezwa

Usukumani, nchi ya tambarare na vilima vya mawe inayoenea kusini na mashariki mwa Ziwa Viktoria katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na sehemu za Geita, habari za mauaji ya vikongwe zimesikika kwa zaidi ya nusu karne, na kusikika huko kwa muda mrefu kumewafanya wengi wayahesabu kuwa sehemu ya mila za Wasukuma. Historia inaonyesha vingine. Imani ya uchawi ni ya kale, wala si ya Wasukuma peke yao; lakini kumvamia mwanamke mzee usiku ndani ya nyumba yake na kumkata mapanga, bila shauri kusikilizwa na bila mshtaki kujitokeza, ni jambo lililokomaa katika karne ya 20, na lilikomaa kadiri vitu vilivyokuwa vikimkinga mwanamke huyo vilivyoondolewa kimoja baada ya kingine.

Kabla ya ukoloni nchi hiyo iligawanyika katika himaya nyingi ndogondogo, kila moja ikiwa chini ya ntemi (wingi wake batemi), mtawala aliyehesabiwa kuwa mwenye nchi na mwenye mvua. Tuhuma za bulogi, yaani uchawi wa kudhuru watu, zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa chini ya mamlaka yake. Hukumu za zama hizo hazikuwa za huruma, kwani mtuhumiwa aliweza kulishwa kiapo, kufukuzwa nchini au hata kuuawa. Hata hivyo mamlaka ya kuhukumu yalikuwa na mwenyewe, na mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kujichukulia maisha ya jirani yake. Serikali ya Kiingereza ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1922 na kuiandika upya mwaka 1928, sheria iliyofanya uchawi kuwa kosa la jinai na kumpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa ahamie mahali pengine. Mahakama ilidai ushahidi unaoonekana kwa jambo ambalo waamini wake husema halionekani, na kwa sababu hiyo kesi nyingi hazikuweza kusimama, watu wakaanza kuamini kwamba serikali inawalinda wachawi. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu, na kiti cha ntemi, ambacho kwa mabaya na mema yake kilikuwa mahali pa kupeleka shauri, kikabaki kitupu.

Jambo la pili lilihusu miti. Katika miaka ya 1920 na kuendelea, serikali ya kikoloni ilipambana na mbung'o, inzi anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, kwa kufyeka misitu na vichaka alimozaliana. Shinyanga ikawa kitovu cha kazi hiyo chini ya mtaalamu Charles Swynnerton, na maelfu ya wananchi walitoka na mashoka na mapanga kufyeka pori kwa wito wa batemi wao. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, kilimo cha pamba kikapanuka kwenye ardhi iliyosafishwa, na nchi ikabaki wazi. Kuni zikawa haba. Mwenye nguvu, au mwenye mjukuu na baiskeli, aliweza kuzifuata mbali. Mwanamke wa miaka 70 anayeishi peke yake alipikia samadi kavu, vijiti vya pamba na mabua ya mtama, katika kibanda kisicho na dirisha, ameinama juu ya mafiga matatu huku moshi ukimpanda usoni asubuhi na jioni kwa miongo kadhaa. Moshi huo, pamoja na ugonjwa wa vikope ambao madaktari huuita trakoma, uliyafanya macho yake kuwa mekundu, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa alama ya mchawi. Umaskini wake ukawa ushahidi dhidi yake. Ni haki kusema kwamba tangu mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kufufua ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kupumzishwa ili nyasi na miti irudi, ulirudisha sehemu ya kilichofyekwa, na kwamba baadaye mashirika ya kuwatetea wazee yalihimiza majiko banifu yanayopunguza moshi. Lakini kufikia hapo alama ile ilikuwa imekwisha kukita katika fikra za watu.

Pigo la tatu lilikuja na Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja. Wasukuma walizoea kuishi katika miji iliyotawanyika, kila kaya na uzio wake wa minyaa na mashamba yake pembeni, na mtu aliyegombana na jirani aliweza kuhama bila makuu. Mwaka 1974 kaya hizo zilihamishwa kwa haraka na mara nyingi kwa nguvu, zikapangwa kwa mistari, wageni kwa wenyeji, wagomvi kwa wagomvi. Watafiti, akiwamo mwanaanthropolojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi, wameonyesha kuwa ukaribu huo wa kulazimishwa ulizidisha shuku: kifo cha mtoto kilimtafuta mwenye kosa, na nyumba ya karibu ikawa ya mwanamke mzee asiye na mume wala mtoto wa kiume wa kumtetea. Ni uchungu kuona kwamba hayo yalitokea chini ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo liliwataja wazee wasiojiweza miongoni mwa watu wachache wenye haki ya kutunzwa kwa jasho la wengine.

Serikali ilipoamua kuchukua hatua, ilitumia nguvu. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliendesha msako Mwanza na Shinyanga ili kukomesha mauaji, mamia ya watu wakakamatwa, baadhi yao wakateswa na wengine wakafia mikononi mwa dola. Aibu hiyo ilimfanya waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Ali Hassan Mwinyi, ajiuzulu mwanzoni mwa mwaka 1977, na kujiuzulu kwake kumekumbukwa mara nyingi kama mfano wa uwajibikaji. Wanawake ambao vifo vyao vilikuwa chanzo cha msako wenyewe hawakumbukwi hivyo. Mauaji yakaendelea. Kamati iliyoundwa baadaye kuchunguza ukubwa wa tatizo ilihesabu zaidi ya watu 3,600 waliouawa kwa tuhuma za uchawi Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984, zaidi ya 2,200 kati yao wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo ikiwa ya Usukumani. Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, nao uliwafukuza wanawake waliotuhumiwa uchawi badala ya kuwalinda.

Mauaji yenyewe yana mpangilio unaojulikana. Familia iliyopatwa na msiba huenda kwa mpiga ramli, ambaye Usukumani mara nyingi hupasua kifaranga na kusoma alama zilizo ndani ya mwili na mabawa yake, kisha hutoa maelezo yanayomwelekea mtu fulani bila kumtaja jina. Wateja humalizia wenyewe. Baada ya hapo hutafutwa wakata mapanga, wauaji wa kukodiwa, ambao huingia usiku, hulenga kichwa na shingo, na huondoka bila kuiba. Mchumi Edward Miguel, katika utafiti wake wa wilaya ya Meatu uliochapishwa mwaka 2005, alilinganisha vifo hivyo na kumbukumbu za mvua, akakuta kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka takriban maradufu, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Chakula kinapopungua, anayeondolewa ni yule anayeonekana kula bila kuzalisha. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, ambako tuhuma hizohizo huwaangukia zaidi wanaume wazee wenye mvi na mashamba, inaonyesha jambo lilelile kwa upande wa pili: jina la mchawi humwendea yule ambaye kuondoka kwake kuna faida kwa mtu.

Hapo ndipo sheria ya mirathi inapoingia. Mwaka uleule wa 1963, Tangazo la Serikali Na. 436 liliandika sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na likaweka kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe akiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwanamke aliyelima shamba kwa miaka 40 akawa juu yake mgeni anayevumiliwa, na mashemeji waliolitaka shamba hilo walikuwa na njia mbili, ya kumfukuza au ya kumwita mchawi. Wajane wawili wa Shinyanga, ambao bado hawakuwa wazee, walipinga sheria hiyo mahakamani baada ya kufukuzwa na wakwe zao: Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kwamba ni ya kibaguzi lakini ikakataa kuifuta, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao, ikaitaka ibadili sheria hizo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyataja mauaji haya na kuahidi ulinzi, na Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ilionyesha kwamba mzee anaweza kuwa mwenye kuleta kitu nyumbani. Bunge na mahakama zinapaswa kumpa mjane fungu lake kwa jina lake, na kila polisi anayeitwa kwenye nyumba ya kikongwe aliyeuawa anapaswa kuuliza, kabla ya kuuliza habari za uchawi, ni nani atakayelima shamba lake msimu ujao.