Mshenga Ndani ya Seli

Katika mwaka wa 1988, maabara ya Hidesaburo Hanafusa mjini New York ilitangaza habari za kirusi kiwatiacho kuku saratani. Kirusi hicho huzifanya seli kutengeneza protini iitwayo Crk, ambayo si kimeng'enya. Walakini seli huharibika. Yawezekanaje asiyetenda kazi kuangamiza?

Jibu lilidhihirika kufikia mwaka wa 1993, ilipofahamika kazi ya Grb2 katika seli za binadamu. Mkono mmoja wa protini hiyo hushika kipokezi kilichoamshwa na ujumbe wa nje. Mwingine huishika Sos, nayo Sos huiamsha Ras, iiamuruyo seli kugawanyika. Grb2, basi, ni mshenga: haoi wala haolewi, lakini pasipo yeye hapana ndoa. Crk ya kirusi nayo ni mshenga, ila mshenga asiyejua kunyamaza.