Ramani ya Vinasaba: Jina Lililokaa Mahali Pake

Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mnunuzi haulizi maharage tu. Anauliza Kablanketi au ya njano, na muuzaji anamchotea kwa sado. Kablanketi ina madoadoa ya zambarau, na watu huipendea ladha na kuiva upesi. Shambani ni dhaifu: unyevu ukizidi, kuvu huacha mabaka yenye pembe kwenye majani, nayo yakapukutika kabla maganda hayajajaa. Mtaalamu wa mbegu anataka kuipa ukinzani bila kumnyang'anya mlaji Kablanketi yake. Ili aufuatilie ukinzani huo unavyorithishwa, anahitaji kitu ambacho Kiswahili kimekipa majina mawili: ramani jeni na ramani ya vinasaba.

Mimi nashika la pili, na si kwa sababu ya utamu wa sauti.

"Jeni" ni neno halali, ila msikilizaji anayelisikia mara ya kwanza halimpi pa kushika. "Kinasaba" limezaliwa na nasaba: ukoo, nani katoka kwa nani. Na ramani hii haichorwi kwa kuutazama mmea mmoja. Unachukua mimea miwili isiyofanana, unachavusha ua la mmoja kwa chavua ya mwenzake, unaotesha watoto, kisha wajukuu kwa mamia, na kwa kila mjukuu unaandika karithi nini kwa nani. Hiyo ni kazi ya nasaba tupu.

"Ramani" nayo ina mtego wake. Msomaji hufikiria kilomita, kama kutoka Uyole hadi Makambako. Hapa umbali ni hesabu ya kuachana. Sifa mbili zilizokaa jirani kwenye kromosomu moja, uzi unaobeba vinasaba, hurithiwa pamoja karibu kila mara. Zilizokaa mbali huachana mara kwa mara. Alfred Sturtevant aliligundua hilo kwa inzi wa matunda, akiwa mwanafunzi wa Thomas Hunt Morgan huko New York, na ramani yake ya kwanza, yenye sifa 6, ilichapishwa mwaka 1913. Kipimo ni sentimogani: zikiachana mara 2 katika kurithishwa mara 100, umbali wake ni sentimogani 2.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kiliwapa wakulima maharage ya Uyole 84, Uyole 96 na Njano Uyole kwa kuchagua shambani, msimu baada ya msimu. Ramani haiondoi subira hiyo, lakini huipunguza. Ukijua alama ya kinasaba iliyo jirani na ukinzani kwenye ramani, kipande cha jani la mche mchanga kinatosha kukueleza ubakize upi, bila kungoja mvua ilete kuvu.

Maharage yamebahatika: jenomu yake, yaani mfuatano wote wa urithi wake, ilichapishwa mwaka 2014. Njugu mawe, ambazo huvumilia ukame na zingefaa sana tambarare kavu kama za Isimani, Iringa, zilingoja rasimu ya jenomu yake hadi mwishoni mwa 2018, pamoja na fiwi. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mradi wa kusoma jenomu za mazao 101 ya Afrika, na mazao hayo kwa Kiswahili yameitwa "yatima". Tafsiri hiyo inaniuma. Yatima amefiwa na wazazi. Njugu mawe zina bibi zetu, waliozihifadhi mbegu kwenye vibuyu vizazi kwa vizazi. Waliokosekana ni watafiti. Tuseme basi mazao yaliyosahauliwa na utafiti. Ni ndefu, lakini haimsingizii mtu kifo.

Kuzichorea njugu mawe ramani ni kazi ya magoti. Ua la njugu mawe ni dogo, la manjano, limejificha chini ya majani karibu kabisa na udongo, na hujichavusha lenyewe. Anayetaka kulichavusha kwa chavua ya mmea mwingine lazima apige magoti na koleo ndogo mkononi, alifungue kabla halijamaliza shughuli yake, na mara nyingi ua hilo hudondoka tu.

Hata hivyo zao hili halianzi na karatasi tupu. Maharage, kunde, mbaazi na njugu mawe zote zina jozi 11 za kromosomu, na mpangilio wa vinasaba vyake hufanana kwa sehemu ndefu. Mtafiti akishaijua sehemu ya kromosomu ya kunde inayoamua siku za kutoa maua, anajua pa kuanzia kuitafuta kwenye njugu mawe.