"Iko kortini": sub judice ni nini hasa?

Hudhuria baraza lolote la mambo ya ardhi huku Kwale au Kilifi, neno hili hulikosi. Skwota anasimama kuuliza habari za hati miliki, kiongozi anajibu, "Hilo ni sub judice, liko kortini," kisha anaitwa muulizaji mwengine. Watu huketi wakanyamaza, na wengi hawajui wameambiwa nini.

Ni maneno mawili ya Kilatini. Sub ni chini ya. Judice latokana na judex, mwamuzi. Yaani jambo liko mbele ya mwamuzi na bado halijakatwa. Zamani halikuwa neno la korti pekee. Horace, mshairi wa Kirumi, alilitumia kuelezea ubishi wa wanasarufi kuhusu nani aliyebuni aina fulani ya shairi. (Mpwani hawezi kushangaa kusikia ubishi kama huo haukwisha.) Kanuni yenyewe tumeirithi kwa Waingereza, ambao kwao raia wa kawaida huketi kortini kuamua kesi, ikahofiwa wataamua kwa waliyoyasoma gazetini. Kenya kesi huamuliwa na hakimu au jaji.

Katika kesi za madai, kifungu cha 6 cha sheria inayoongoza kesi hizo chasema korti isiendelee na kesi ikiwa nyengine iliyotangulia, ya watu wale wale na jambo lile lile, bado yasubiri uamuzi katika korti yenye mamlaka. Hapo sub judice huzuia kesi mbili kwa jambo moja. Haimzuii mtu kusema.

Inayogusa kusema ni Kanuni ya 89 ya Bunge la Kitaifa, nayo ina mipaka. Kesi lazima iwe hai, na mjadala uwe waweza kuharibu uamuzi wa haki. Kesi ya madai haiwi hai kwa kufunguliwa tu, mpaka mipango ya kusikizwa ifanywe. Mbunge anayedai jambo ni sub judice ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na Spika bado aweza kuruhusu litajwe.

Basi ikiwa mbunge huombwa ushahidi, vipi kiongozi wa barazani aaminiwe kwa neno tupu? Muulizeni nambari ya kesi, iko korti gani, nani kamshtaki nani, na itatajwa lini. Kuuliza hayo si kumwingilia jaji.