Sahani ya upatu na kukutana kwa darasa letu

Nilipotea kidogo, mitihani ilinikaba. Leo nina jambo ambalo halimo kwenye silabasi, ila limenikalisha maktaba siku mbili nzima.

Darasa letu la kidato cha sita linataka kukutana Desemba. Kwa kuwa sikuhudhuria kikao cha kwanza, nikachaguliwa mweka hazina (vyeo vingine ndivyo vinavyopatikana). Kamati ilikuwa imeshapanga kila kitu: ukumbi, mziki, fulana, chakula, kila kichwa 80,000/=. Usiku uleule watu wanne wakatoka kwenye grupu bila kuaga. Mmoja tulilala naye deka moja miaka miwili, yeye juu mimi chini. Namjua vizuri. Hajamchukia mtu, hana 80,000 basi.

Nikajiuliza: wazee wetu wa pwani, ambao wengi mshahara wao ulikuwa wa kuhesabu kwa senti, waliwezaje kufanya sherehe za mji mzima?

Jibu la kwanza nililikuta kwenye kitabu cha Terence Ranger cha 1975 kuhusu ngoma ya beni. Beni ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kizungu kwa matarumbeta na gwaride, halafu Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, vikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Huku Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti. Marini walijiona wasafi, makarani na watu wa kalamu. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kawaida, wengi wageni mjini. Kila upande ulikuwa na mfalme wake na majenerali wake, na nyuma ya vyeo hivyo vya kuchekesha kulikuwa na mfuko. Mwanachama akifiwa anazikiwa. Akihamia mji mwingine anapokelewa na wenzake wa huko. Yaani ngoma ilikuwa inaonekana siku moja, lakini uchangaji ulikuwa wa kila siku.

Ila beni ilikuwa pia mashindano, na hapo ndipo gharama zinapoanza kupaa. Ukitushinda kwa sare, tutakushinda kwa karamu. Margaret Strobel, aliyeandika mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, anaonyesha vyama vya lelemama vikishindana vivyo hivyo. Na Jonathon Glassman anatupeleka nyuma zaidi, Pangani kabla ya vita vya Abushiri vya 1888: karamu ilikuwa njia ya mtu kujinunulia heshima ya kuitwa mwenye mji. Asiyeweza kulisha watu anabaki pembeni. Kusema ukweli, niliposoma hapo niliiona kamati yetu, Marini watupu, wanataka ukumbi wenye viyoyozi ili picha zipendeze.

Sasa upatu. Hili jina linanifurahisha. Upatu ni sahani ya shaba inayopigwa kwenye ngoma, na ni jina la mchezo wa fedha vilevile, ule ambao mama zetu wanauita mchezo tu. Watu kumi wanatoa kiasi kilekile kila wiki au kila mwezi, mmoja anabeba chote, zamu inazunguka. Hauongezi hata senti moja, hakuna riba, hakuna faida. Unachofanya ni kuukata mzigo vipande ambavyo mtu anaweza kuvinyanyua. Muuza vitumbua hawezi kutoa laki kwa mkupuo, ila anaweza kutoa elfu kumi mara kumi, na laki ni ileile.

Harambee ya majirani zetu ilianza na roho hiyohiyo. Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963, na shule nyingi zikajengwa kwa nguvu za wananchi. Baadaye ikageuka jukwaa la wanasiasa, majina na viwango vinasomwa hadharani, mwenye kidogo anainama. Mwaka 2003 Kenya ilitunga sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliyowabana kuhusu uchangishaji. Sisi Tanzania tusicheke sana, maana tunazo kadi za harusi za single na double, na hujalipa hukai.

Basi nikarudi kwenye kamati na daftari langu. Tuko 48. Ukumbi nikautoa, tutakutana shuleni kwetu chini ya miembe. Fulana nikaifanya ya hiari, anayeitaka ananunua na faida inaingia mfukoni. Ikabaki 35,000 kwa kichwa, jumla 1,680,000. Wenye ajira ni 11. Wakibeba 940,000, sisi 37 tunatoa 20,000 kila mmoja, yaani 2,500 kwa mwezi kwa miezi 8. Hata mwenye kungoja bumu anaiweza hiyo. Pesa inatumwa kwa simu, meseji naiona mimi peke yangu, na kwenye grupu naandika jina tu, kiasi siandiki.

Mwenyekiti alinuna. Alisema tunashusha hadhi. Tulibishana mpaka saa sita usiku, na mwishowe mpango ukapita kwa kura moja.

Mpaka jana wale 11 wameahidi 610,000. Bado 330,000, na fulana peke yake haiwezi kuziba pengo hilo. Yule wa deka ya juu nimempigia mara mbili, hapokei. Nimemtumia meseji ya 2,500 na miembe. Imesomwa.