Njia 2 za kutumia apu za Android kwa kompyuta ya Linux (na 1 ya kuachana nayo)

Bonasi ya majani chai bado na doo ya simu mpya hakuna? Kama uko Litein ama Sotik na una kompyuta ya Linux, cheki hizi.

1. Waydroid: Inaweka Android nzima ndani ya Linux. Lazima uwe na Wayland. Kuidownload kunakula mamia ya MB, so tafuta WiFi. Apu nyingi za benki huikataa.

2. scrcpy: Chomeka simu na waya ya USB, uitumie kwa skrini ya kompyuta. Haitaki bando wala root. Washa "USB debugging" leo. Kioo kikizima kabla, umechelewa.

3. Anbox: Achana nayo. Ilifungwa 2023.