Nani aliua kloni za Gusii?

Haya wasomaji, leo tuache mambo ya programu kidogo. Tuzungumze juu ya kile kisanduku cha chuma chenye feni kinachokaa nyuma ya kompyuta ya mezani: pawa saplai.

Miaka ya 2000 kompyuta nyingi Kisii na Nyamira zilikuwa za kuunganishwa kwa mkono, yaani kloni. Kasha, madabodi na diski vilinunuliwa Luthuli Avenue kule Nairobi, vikapakiwa kwenye matatu, fundi akaviunga Keroka au Ogembo. Kloni ikizima, lawama ilimwendea muuzaji: amekuuzia takataka! Mara nyingine ilikuwa kweli. Lakini mshukiwa mkubwa alikuwa ukutani, kwenye soketi.

Tuanze na mashine yenyewe. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, pawa saplai ilikuwa ya wati 63.5 tu, na swichi yake ilikata stima kabisa. Mwaka 1995 Intel ikaleta kanuni za ATX. Tangu hapo kitufe cha mbele hakikati chochote. Kinaiomba madabodi tu, nayo inaunganisha waya wa kijani na ule mweusi ili pawa saplai iamke. Maana yake kompyuta "iliyozimwa" ina volti 5 za kusubiri ndani yake usiku kucha, maadamu imechomekwa. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye radi.

Halafu kuna ile swichi nyekundu ya 115 na 230. Stima ya Kenya ni volti 240. Ndani ya pawa saplai za aina hiyo mna kapasita mbili kubwa, kila moja ya volti 200 hivi. Swichi ikiwa 230, zinagawana volti 340 hivi, 170 kila moja, hakuna taabu. Ikiwa 115, saketi inajizidisha mara mbili na kila kapasita inabebeshwa 340 peke yake. Mlio wake utasikika hadi kwa jirani. Ndiyo maana fundi mzoefu hubandika seloteipu juu ya swichi hiyo.

Sasa twende kwenye nguzo. Ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa ya mto Tana, Kenya nzima ikaingia kwenye mgao wa stima. Kiwanda cha Sondu Miriu cha megawati 60, ambacho mto wake unapita mpakani mwa Nyamira, kilikuwa bado kinajengwa, kilikamilika 2008. Lakini hata mgao ulipokwisha, vijijini tatizo halikuwa kukatika tu. Ulikuwa udhaifu. Nyumba iko mbali na transfoma, laini ni ndefu, mashine ya kusaga unga ikiwashwa taa zinafifia.

Hapa kuna hesabu ambayo wengi hawakuifanya. Kanuni za ATX zinaitaka pawa saplai ivumilie stima ikitoweka kwa milisekunde 16 hivi, kwa akiba iliyo ndani ya zile kapasita. Akiba hiyo inafuata volti kwa kipeo cha pili. Laini ikishuka kutoka 240 hadi 180, inayobaki ni asilimia 56, na sehemu yake tu ndiyo inayotumika kabla mashine haijazima. Basi mtikisiko ambao mtu wa Nairobi hakuuona, wa Nyansiongo ulimfutia barua nzima. Akaenda kuweka Windows upya! Pawa saplai za kisasa zinazokubali volti 100 hadi 240 bila swichi zimepunguza sana adha hii.

Radi nayo. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapandishwa na milima ya Gusii, na alasiri mawingu yanapasuka. Si lazima radi ipige nyumba yako. Ikipiga karibu na laini, msukumo unafuata waya mpaka ndani. Kuzima kwa kitufe hakusaidii, kwa sababu ya zile volti 5. Chomoa. Enzi za modemu ilibidi uchomoe na waya wa simu pia, na wengi waliusahau.

Tuwe wa haki, vifaa navyo vilikuwa na dhambi zao. Kati ya 1999 na 2007 kapasita mbovu, nyingi kutoka Taiwan, zilivimba kwenye madabodi dunia nzima. Dell ilitenga takriban dola milioni 300 mwaka 2005 kurekebisha mashine zake. Kichwa cha kapasita kikiwa kimevimba au kinavuja ugoro wa kahawia, hapo muulize muuzaji.

Leo fomu za chuo, eCitizen na kodi zinajazwa kwenye saiba za Kisii na Nyamira, nyingi kwa kompyuta za mezani zilezile za kuungwa. Ikigoma kuwaka siku ya mwisho ya maombi, usikimbilie kununua madabodi. Pima soketi kwanza. Kisha toa pawa saplai nje, bila kuifungua kasha lake, maana kapasita hubaki na stima hata ikiwa imechomolewa. Unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, ichomeke, uone kama feni inazunguka. Feni peke yake si ushahidi wa kutosha: wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Vikiwa sawa, ndipo uishuku madabodi.